Mkeka Mfukoni, Gemu Kizimbani

Jumapili iliyopita niliitwa Miono. Anayetoka Dar es Salaam kwenda huko hupita Chalinze, huvuka Mto Wami, na afikapo Mandera huiacha barabara kuu ya Segera na kukata kulia, njia ielekeayo Saadani. Sikuitwa msibani wala harusini. Niliitwa kikaoni, kwa kuwa mimi ni mjomba, na katika koo zetu za huku nyuma ya pwani, ziwe za Wakwere, Wadoe au Wazigua, mtoto huhesabiwa kwa mama na neno la mjomba lina uzito wake. Simu ya dada yangu ilikuwa fupi: "Kaka, njoo uzungumze na mwanao. Anatuponyoka."

Nilidhani bangi. Nilidhani mimba ya binti wa watu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi kwa wazazi nisiowajua. Nilipofika nikawakuta watu kumi na mmoja wameketi kwenye majamvi chini ya mwembe, na katikati yao, juu ya kigoda, amewekwa mshitakiwa: kidude cheusi cha plastiki, chembamba kama kamusi ya mfukoni, kimezungushiwa waya zake. Ilikuwa PlayStation 2 ya mtumba. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 18, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amekaa mbali kidogo, kana kwamba yeye ni shahidi tu.

Alikinunua Kariakoo kwa fungu lake la fedha za ufuta. Naomba jambo hilo lishikwe vizuri, kwa sababu kikaoni halikushikwa na mtu. Hakuiba. Hakukopa. Alilima, akapalilia, akavuna, akapeleka ghalani, akasubiri mnada kama wakulima wengine, na alipolipwa akanunua alichokipenda. Angenunua simu kubwa ya kupigia picha, pasingeitishwa kikao.

Na kikao hakikuwa cha kidude hicho peke yake. Fedha za ufuta za familia nazo zilikuwa zinangoja uamuzi. Kijana anaomba asomeshwe mambo ya kompyuta katika chuo cha kati. Wazee walikuwa wameshaelekea kumnunulia pikipiki ya bodaboda. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mtu anayeshinda kwenye gemu za Wajapani, akipewa kompyuta atafanya nini kama si kucheza zaidi? Hivyo kidude kile kililetwa pale mwembeni kama ushahidi, ili kijana anyimwe chuo.

Aliyefungua mashitaka alikuwa baba yake mdogo. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeumia, kwamba hii ni kamari na kwamba familia yetu haijawahi kulea mcheza kamari. Sasa, wanaomfahamu bwana huyu wanajua kwamba hakuna Jumamosi inayopita bila yeye kuandaa mkeka. Wakati akizungumza, simu yake iliita mara mbili kumpa habari za mechi, na mara zote mbili alinyamaza katikati ya sentensi akasoma, akakunja uso, akaendelea na maadili. Hakucheka mtu. Hakumwuliza mtu. Mkeka wa mwanamume mzima umekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hauonekani hata ukiwa mkononi mwake.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu, wakiwemo wasomaji wa ukurasa huu. Lugha yetu inatumia neno moja, mchezo, kwa mambo yasiyo na undugu wowote. Tuna wizara yenye neno "Michezo" katika jina lake, inayoshughulika na mpira na riadha. Tuna pia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo iko chini ya Wizara ya Fedha. Tazama mgawanyo huo: mchezo unaotaka ustadi umewekwa pamoja na utamaduni na sanaa, mchezo unaotaka fedha zako umewekwa kwa anayekusanya kodi. Silaumu mgawanyo wenyewe. Una mantiki yake, na pengine ni ukweli mtupu. Ninachosema ni kwamba Serikali inaijua tofauti hii na sisi majumbani hatuijui. Au tunaijua, tunajifanya hatuijui.

Maana kamari ni nini? Ni kuweka mali rehani juu ya jambo usilolitawala. Mashine ambazo vijana huziita dubwi, zilizosogea hadi vibarazani mwa maduka, hazimfundishi mchezaji kitu. Aliyecheza mara elfu hana ujuzi kumzidi aliyeanza asubuhi ya leo. Gemu ya mpwa wangu haina sarafu inayoingia wala inayotoka. Ukishindwa, unarudia. Unashindwa kwa sababu hukufikiri vizuri, na unashinda ulipoanza kufikiri. Tangu lini hiyo ikaitwa kamari? Kama ni kamari, basi bao nalo ni kamari, na Mwalimu Nyerere, aliyelipenda bao kama inavyojulikana, naye alikuwa mcheza kamari. Wazee walewale waliokaa pale mwembeni huketi kwenye bao kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi, na hilo tunaliita hekima.

Lipo jambo katika historia ya hao Wajapani ambalo lingefaa kusomwa kwa sauti kwenye vikao kama kile. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889, na haikuanza na mashine yoyote. Ilianza kwa kutengeneza karata za mkono ziitwazo hanafuda, na wateja wake wazuri walikuwa wacheza kamari. Kutoka hapo, kwa zaidi ya miaka 70, kampuni hiyo ilipapasa huku na huku hadi ikaishia kwenye vitu vya kuchezea watoto, kisha mashine za gemu, kisha yule fundi mwenye masharubu na kofia nyekundu ambaye hata watoto wetu wanamtambua. Konami, waliotupatia ile gemu ya mpira ambayo vijana wa Afrika Mashariki waliicheza kwa miaka mingi katika vibanda vya mitaani wakiiita Winning, walianza mwaka 1969 huko Osaka kwa kukodisha na kutengeneza mashine za kupigia muziki kwa sarafu. Nchi ile bado ina kamari yake, sitaki kuwapaka watu mafuta wasiyostahili. Lakini walikuwapo waliotoka kwenye karata za kamari wakaelekea kwenye ustadi, na wakauza ustadi huo dunia nzima. Sisi tulikuwa na bao. Tunaliacha, tunakwenda kwenye dubwi.

Shitaka la pili lililetwa na mama yangu, bibi yake kijana, na halikuwa na kicheko ndani yake. Alikuwa akifagia akalikuta daftari. Ndani yake mmechorwa majedwali: herufi moja upande huu, herufi nyingine upande ule, mishale, namba, na kurasa mbili za maandishi asiyoyajua. Mama ni mtu wa huku. Ameona talasimu tangu utotoni, amewahi kuvaa hirizi, amezika watoto wawili na kwa mmoja wao aliambiwa sababu ambayo hataki kuisema. Alilala siku tatu na daftari lile chini ya mto akimsomea mjukuu dua. Sikuthubutu kutabasamu, na ninaomba msomaji wangu wa mjini naye asitabasamu.

Majedwali yale ni nini? Gemu anayoicheza kijana inaitwa Final Fantasy X, iliyotoka Japani mwaka 2001. Ndani yake mna jamii ya watu wanaodharauliwa, wenye lugha yao, na mchezaji hukusanya vitabu 26, kila kimoja kikimfichulia herufi moja ya lugha hiyo, hadi aweze kuelewa wanachosema. Mpwa wangu hakungoja kuvikusanya vyote. Alikaa na daftari, akalinganisha maneno, akakisia, akafuta, akafumbua. Kazi hiyo ina jina vyuoni, na tunaifundisha kwa shida kubwa kwa watu wenye shahada. Kurasa mbili zile nyingine zilikuwa za herufi za Kijapani, alizokuwa akizinakili kwa mkono, safu kwa safu, kama sisi tulivyonakili alifu na be.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na Kiingereza cha kuungaunga amesoma, kwa hiari yake, maelfu ya mistari ya mazungumzo ya Kiingereza ili aielewe hadithi. Hakuna mwalimu aliyemwamrisha. Na sisi, katika nchi ambayo kila mwaka inalalamika kwamba vijana hawasomi, tuliitisha kikao.

Kulikuwa na binamu yangu, mtumishi wa umma, aliyefika na Noah yake akaiegesha kivulini kabla ya watu kupata kivuli. Yeye alisimamia uzalendo. Mambo ya Wajapani yanatuhusu nini, aliuliza, na kwa nini kijana asipende vya kwetu. Hoja hiyo ingesimama vizuri zaidi kama isingesimamishwa na mwenye Noah. Gari lile, kila analipowasha, sauti ya mwanamke humwambia jambo kwa Kijapani. Ni mwaka wa nne sasa, na hajui anaambiwa nini. Hiace nyingi zinazopita barabara ya Segera bado zina ubavuni maandishi ya huko zilikotoka, na hakuna bibi aliyezisomea dua. Pale TAZARA tunapita juu ya daraja la Mfugale lililojengwa kwa msaada wa Japani. Redio Japani inatangaza kwa Kiswahili, na marehemu baba yetu aliisikiliza kwa heshima zote. Kwa hiyo Ujapani unaruhusiwa ukiwa bodi, injini, nguzo na taarifa ya habari. Unakatazwa unapokuwa hadithi. Tunataka vyombo vyao, hatutaki kujua wanawaza nini, kisha tunashangaa kwamba miaka 60 baada ya uhuru bado sisi ni wanunuzi tu.

Mtu pekee aliyeuliza swali la maana alikuwa shemeji yetu mwalimu wa madrasa, ambaye nilikuwa nimejiandaa kupambana naye kuliko wengine wote. Alimgeukia kijana akasema: "Hebu nieleze, mwanangu. Hadithi yenyewe inasemaje?" Kwa mara ya kwanza siku ile mshitakiwa halisi akafungua kinywa. Alieleza habari za nchi inayoangamizwa tena na tena na zimwi la baharini. Ya viongozi wa ibada wanaowaambia watu kwamba balaa hilo ni adhabu kwa sababu ya mashine za wahenga wao, na kwa hiyo mashine ni haramu. Na jinsi wasafiri wanavyogundua kwamba viongozi haohao wanazitumia mashine hizo ndani ya hekalu lao kuu. Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kuhusu viumbe wanaoitwa waje kusaidia vitani, na alisema wazi kwamba hilo halimpendezi. Kisha akaongeza kwamba wale viongozi wana kesi ya kujibu. Baba mdogo alikuwa anasoma simu.

Sisemi kijana hana kosa. Lipo, na baba yake ndiye aliyelisema, mwisho kabisa, kwa maneno machache. Usiku mmoja zamu ya kulinda shamba ilikuwa yake. Hakwenda, alikuwa mbele ya runinga. Nguruwe pori waliingia wakafukua mihogo karibu robo eka. Asiyewahi kulala dunguni akipiga debe gizani hajui robo eka ya mihogo ni nini. Dada yangu naye alisema umeme wa LUKU uliokuwa ukikaa wiki mbili sasa unakaa siku nane. Hayo ni madai halali, yana kipimo, na yanalipika. Nilisema palepale kwamba kijana alipe mihogo kwa kazi ya msimu ujao na anunue umeme wake mwenyewe. Hakupinga.

Na kiasi ni tatizo la dunia nzima. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. China mwaka 2021 iliwawekea watoto saa moja tu ya gemu za mtandaoni, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili jioni. Hata huko Japani kwenyewe, mkoa wa Kagawa ulipitisha kanuni mwaka 2020 ya kuwashauri wazazi wasiruhusu zaidi ya dakika 60 kwa siku za shule, na mwanafunzi mmoja akaenda mahakamani kuipinga. Alishindwa mwaka 2022. Tazama, basi: nyumbani kwa gemu zenyewe, familia na watoto wanavutana kama sisi. Tofauti ni kwamba wao wanabishana juu ya dakika. Sisi, pale mwembeni, hakuna aliyezungumzia dakika. Tulizungumzia laana.

Wapo watakaoniambia kwamba Miono ina mambo makubwa kuliko haya: wakulima na wafugaji, bei ya ufuta, maji. Nakubali, na nimeyaandika hapa mara nyingi hadi wengine wamechoka. Lakini mtu anayesema "subirini, kwanza ardhi" ajiulize nani atakayesoma mkataba wa ardhi hiyo miaka kumi ijayo, kama kila kijana mwenye subira ya kufumbua herufi 26 tunampandisha pikipiki. Siidharau bodaboda, imeniwahisha mahali pengi. Lakini wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni ushahidi kwamba zawadi hiyo tunayowapa vijana wetu si salama kiasi hicho, na sijapata kuitwa kwenye kikao cha ukoo kuijadili.

Wengine hudai kwamba gemu hazimfikishi mtu popote. Arslan Ash, kijana wa Lahore nchini Pakistan, alikwenda Japani Februari 2019 akawashinda mabingwa katika mashindano ya Tekken, gemu ya Kijapani, kisha akashinda tena Las Vegas Agosti mwaka huohuo. Jirani yetu Sylvia Gathoni wa Kenya alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa gemu hiyohiyo, huku akisoma sheria. Nilimtaja Gathoni kikaoni na nikajuta kidogo, kwa sababu hoja yangu haikuwa kwamba mpwa wangu atakuwa bingwa. Uwezekano mkubwa hatakuwa. Mvulana anayependa mpira hatumwambii aache kwa kuwa hatafika Ulaya. Tunamwambia arudi kabla ya magharibi. Kwa nini huyu adaiwe ubingwa ndipo aruhusiwe kupenda?

Kumtaja mwanamke, hata hivyo, kulifichua jambo. Dada yake mdogo, wa kidato cha pili, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, alisema bila kuulizwa kwamba yeye ndiye aliyemaliza sehemu ya mwisho ambayo kaka yake alishindwa. Kimya. Kisha mtu akamwambia aongeze sukari. Kaka ameitiwa kikao cha watu kumi na mmoja. Dada hakutambulika hata kama mkosaji. Ninaandika hili kwa aibu, kwa sababu nami nilipokea kikombe changu nikaendelea na hotuba, na swali langu kwake nilikuja kulikumbuka nilipokuwa nimeshafika Lugoba.

Uamuzi? Mihogo italipwa. Kidude kimefungiwa katika kasha la mama yangu, na ufunguo anao yeye. Kitatoka Ijumaa jioni na Jumamosi. Daftari alilirudisha mwenyewe, baada ya kijana kukaa naye barazani na kumwonyesha jinsi jina lake linavyoandikwa kwa herufi zile. Alilitazama muda mrefu, akauliza kama linaweza kuandikwa na la marehemu babu.

Suala la chuo au pikipiki halikwisha. Baba mdogo alisema fedha si za kuchezea, na wengi wakaitikia. Tumeahirisha hadi korosho zitakapouzwa. Nimewaahidi kwamba nitafika, na nimeomba, mbele ya wote, kwamba siku hiyo kabla ya kuletwa kidude cha mtu yeyote juu ya kigoda, iletwe kwanza mikeka yote ya tangu Januari, tuihesabu pamoja, tuone imekula gunia ngapi za ufuta. Shemeji wa madrasa ameliunga mkono ombi hilo. Baba mdogo hajajibu.